Tofali la Ukuta wa Mashariki

Kilichoibwa kilikuwa tofali moja.

Inspekta aliuliza mara mbili, akidhani hakusikia vizuri. Msimamizi wa ukarabati akamwelekeza kwenye ukuta wa mashariki wa jengo lile kongwe la matofali ya kuchoma. Lilianza kama ghala la reli, likawa shule, likawa gofu, na sasa lilikuwa likitengenezwa liwe maktaba ya mji.

"Hili ni jengo la kumbukumbu, Afande. Kulibomoa hata kidogo ni kosa la jinai. Nataka mtu afikishwe mahakamani."

"Tundu liko wapi?"

"Hakuna tundu. Fundi mmoja ndiye aliyeona tofali limebadilishwa. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa."

Inspekta alipanda jukwaa la mafundi hadi karibu na paa. Mwizi alikuwa ameziba pengo kwa tofali jingine, tena kwa ustadi. Katika miaka ishirini ya upelelezi, Inspekta alikuwa ameona wezi wakivunja kila aina ya kitu, lakini hajapata kumwona hata mmoja akitengeneza. Siku yake ilianza kunoga.

Aligusa tofali: lilikuwa na unyevu. Akakwaruza kiungo kwa ukucha: chokaa tupu.

"Mafundi wako wanalowesha matofali kabla ya kujenga?"

"Nani ana muda huo siku hizi?"

"Na chokaa mnatumia?"

"Saruji tu." Msimamizi akasita. "Anayejenga kwa chokaa mjini hapa ni mzee mmoja, Fundi Chokaa, naye kastaafu. Lakini yule hachukui hata sindano ya mtu."

Walimkuta Fundi Chokaa uani kwake, akinywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutegemea tangu asubuhi."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Mafundi walikuwa wamekwenda kula."

"Ulichukua tofali?"

"Nilichukua."

"Mbona ukaziba?"

Mzee alikunja uso. "Niache ukuta na tundu? Mimi?"

Inspekta nusura acheke. "Haya. Ulilitakia nini?"

Fundi Chokaa akafungua kitambaa mapajani. Ubavuni mwa tofali zilikuwapo alama za vidole vinne, zilizozama kabla udongo haujachomwa.

"Mama yangu. Alifyatua matofali ya jengo lile akiwa na mimba yangu, akafa akinizaa. Hakuacha picha. Bibi alinionyesha tofali hili nikiwa mdogo, na kila nikipita nalisalimia kutoka chini. Juzi nikasikia ukuta unapigwa plasta Jumatatu. Nikaenda kuomba. Nikaambiwa kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya tofali moja."

Msimamizi alitazama chini. "Mimi ndiye niliyemjibu hivyo, bila hata kumtazama ni nani," alisema.

"Na wewe ndiye mlalamikaji," Inspekta alisema. "Nifungue jalada?"

"Usifungue." Msimamizi akachutama mbele ya mzee. "Ukuta ule hautapigwa plasta, baba. Tofali lirudi, ulijenge wewe mwenyewe, mahali mkono unapofika. Unisamehe."

Mzee aliitika kwa kichwa.

"Umeshaweka vidole vyako humo?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Tangu jana naogopa."

Akajaribu. Vidole vyake vinene havikuenea hata kimoja. Akazitazama zile alama ndogo, huku akitabasamu.

"Kumbe alikuwa binti mdogo," alisema. "Na mimi miaka yote namwamkia kama mtu mzima."