Fremu ya Majani

Kila Jumamosi asubuhi Gundi alifagia duka la shangazi yake, mpiga chapa, akapangusa vumbi kwenye printa, kisha akaketi kwenye kompyuta ya pembeni na kuchora. Jina hilo alipewa na wenzake wa kikundi cha kutengeneza albamu, Miwani na Kijiti, kwa sababu vidole vyake havikukauka gundi. Kila mmoja alichora mapambo yake na kuwatumia wenzake kwa simu, wayatie kwenye kurasa zao.

Jumamosi hii walikuwa wanamalizia albamu ya mkutubi wa shule, aliyekuwa akiagwa mchana huohuo. Ulibaki ukurasa wa kwanza tu, wenye picha yake. Gundi ndiye aliyeuchorea fremu ya majani, jani moja moja, mpaka kiwiko kikamuuma.

Tatizo ni kwamba kinyongo kilikuwa kinamla. Wiki kadhaa nyuma alipotuma maua aliyoyachora, Kijiti aliyabandika kwenye kadi ya dada yake bila kumtaja. Gundi alikasirika, akanyamaza. Safari hii aliipunguza fremu ikawa ndogo sana, ndipo akaituma. Kwenye simu ilipendeza, lakini ikikuzwa kwenye karatasi ingetoka na ukungu. "Wakiichapa watajijua," alijisemea.

Sasa Miwani, aliyeupanga ukurasa, alikuwa kwenye kaunta pamoja na Kijiti, na karatasi nene chache walizopewa na mwalimu wa sanaa. Shangazi akachapa ya kwanza. Picha ya mkutubi ilitoka safi, lakini majani yalikuwa na ukungu, kama yamechemshwa.

"Miwani, umefanyaje?" Kijiti akauliza. "Si nilikwambia usiivute hiyo fremu?"

"Sijaivuta kuzidi ukurasa."

"Basi imejivuta yenyewe."

Miwani akarekebisha hapa na pale kwenye kompyuta, wakachapa tena. Ukungu uleule. Wakachapa tena, hali ikawa mbaya zaidi. Kijiti alisonya, akasema heri kazi hiyo angepewa mtu anayeona. Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta ingawa ilikwisha kutakata.

Gundi alimkasirikia Kijiti kwa ulimi wake, akaikasirikia printa isiyo na kosa, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe.

"Imebaki karatasi moja," shangazi akasema. "Nichape au nisichape?"

"Usichape," Gundi akasema. "Si kosa la Miwani. Niliwatumia fremu ndogo makusudi. Kubwa iko kwenye kompyuta ile."

Kijiti akamkodolea macho. "Yaani tunahangaika asubuhi nzima, wewe unatuangalia tu?"

"Na wewe ulichukua maua yangu, ukayatia kwenye kadi ya dada yako kama yako."

"Yale? Kumbe yalikuudhi? Mbona hukusema?"

Wiki zote hizo Gundi alikuwa amenuna, na mwenzake hana habari.

Miwani akaiweka fremu kubwa mahali pake. Printa ikanguruma. Safari hii kila jani lilitoka na mishipa yake, lakini hakuna aliyeshangilia. Shangazi akaiinua karatasi kwenye mwanga, kisha akamgeukia Gundi.

"Mwanangu, kazi ni yako. Hukutaka kuwapa, ungewaambia hapana, wangechora nyingine. Ukishakubali kumpa mtu kitu, mpe kinachofaa. Ulichofanya wewe ni kuwanyima huku unatabasamu, na aliyeumia ni asiyekukosea." Akamtazama na Kijiti. "Nawe, ukitumia jasho la mtu, mtaje."

Kijiti akainamisha kichwa. "Nisamehe, Gundi. Nawe pia, Miwani."

Gundi akamsogelea Miwani. "Nisamehe. Nilikuacha ulaumiwe kwa kosa langu."

Miwani akatoa simu yake, akaiweka juu ya kaunta.

"Nitumie ile kubwa, niitie kwenye albamu nyingine na jina lako," akasema.

Gundi akaituma palepale, nzima, bila kuipunguza.