Binti Aliyekosea kwa Makusudi

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la vifaa vya umeme. Mdomo wangu huenda mbio kuliko sindano, wateja wote wanajua. Lakini habari hii naisimulia kwa uchungu, maana aliyeumia ni binti yangu wa pekee.

Alipokuwa darasa la nne, hesabu zilizowachukua wenzake nusu saa yeye alizimaliza upesi sana. Darasani walikuwa watoto sabini na wawili, na mwalimu mmoja. Mwalimu, maskini, akaona amepata msaidizi. Akampa kalamu nyekundu asahihishe madaftari ya wenzake. Ikawa hivyo kila siku: akimaliza yake, anasahihisha ya wengine. Kitu kipya cha kujifunza hakupewa.

Nami nikavimba kichwa. Kila mteja aliyekuja kupimwa alisikia kwamba binti yangu ameshakuwa mwalimu. Nilikuwa nimeshamzungushia mteja tepu kiunoni, angekimbilia wapi? Alinisikiliza tu.

Siku moja binti yangu alisahihisha daftari la shoga yake, mtoto wa mchomelea vyuma. Alimpa mbili kati ya kumi, kwa sababu ndizo alizopata. Yule mtoto alitandikwa kwao. Kesho yake darasa zima lilimpa mgongo binti yangu, wakambandika jina la Kiherehere. Wakati wa mapumziko akawa anakaa peke yake kwenye ngazi za ofisi. Mimi hayo sikuyajua, wala sikuuliza.

Muhula uliofuata akawa wa hamsini na nane. Mwalimu alisema mtoto amekuwa mvivu, na asipojirekebisha atarudia darasa. Nilimfokea mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Binti yangu alisimama akitazama miguu yake.

Wiki hiyohiyo alikuja mteja wa kupunguziwa gauni, mama mcheshi ambaye kazi yake ni kufundisha walimu. Nilipokuwa natafuta pini, alichukua daftari la binti yangu mezani, akaanza kulifunua. Mara akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja.

“Dada, hebu tazama hapa,” akasema. “Hesabu kumi, kumi zote kakosa. Lakini kila jibu limezidi kwa moja tu. Asiyejua hakosei hivi. Huyu anayajua majibu, ndiyo maana anaweza kuyakwepa.”

Nilimwita binti yangu. Yule mama alimkalisha karibu naye, akamwuliza taratibu kwa nini anafanya vile. Mtoto akavuta uzi wa sketi yake.

“Nikikosa, wananipisha nikae nao,” akasema.

Nililia palepale, na gauni la mteja mikononi. Mtoto wangu alikuwa amejifunza kujificha ili apate mtu wa kukaa naye.

Yule mama alinieleza mengi. Mtoto mwenye kipaji si lazima awe wa kwanza darasani. Wako wanaochoka kusubiri wakawa watundu, na wako wanaojificha. Kumwongezea kazi zilezile, au kumtwisha kazi ya mwalimu, hakumkuzi. Anahitaji maswali ya kumfikirisha, wenzake wa kufikiri nao, na nafasi ya kukosea bila aibu.

Damu ilinichemka. Nikasema naenda kumvaa mwalimu. Akanishika mkono.

“Usimgombeze. Chuoni tunawafundisha kumsaidia anayebaki nyuma. Anayetangulia tunadhani atajisaidia. Kosa hilo ni letu pia.”

Alikwenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Walimu wote walikubali kupata mafunzo, Jumamosi nne mfululizo. Walijifunza kuuliza maswali machache kabla ya kuanza somo, ili wajue nani ameshalielewa. Huyo hupewa kazi nyingine ya somo hilohilo, yenye kina zaidi, naye huifanya pamoja na wenzake. Kalamu nyekundu ilirudi kwa mwenyewe.

Mwalimu alikuja barazani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja. Alimwomba msamaha binti yangu, si mimi. Kisha, darasani, akawapa yeye na wenzake watatu swali: bomba la shule linavuja, je, kwa mwaka tunapoteza ndoo ngapi? Walipima, wakabishana siku tatu, wakapata jibu. Mwalimu mkuu alipoliona, bomba likatengenezwa wiki ileile. Binti yangu hakurudia darasa, na sasa majibu yake anayaandika kama anavyoyajua.

Lakini shoga yake hakumpata tena. Familia ya mchomelea vyuma ilihama kabla hawajapatana. Hata leo binti yangu akisikia jina lake, huondoka akaenda kukaa peke yake.

Juzi nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba ile kalamu ilikuwa inamtesa.

“Mama, ulikuwa unafurahi.”

Nilizima cherehani, nikamwomba msamaha. Siku hizi akirudi shule simwulizi amekuwa wa ngapi. Namwuliza kwanza leo alikaa na nani.