Shoka Juu ya Gamba la Kobe

Asubuhi ile hakuna aliyewatoa ng'ombe zizini. Walilia mpaka jua likapanda juu ya mbuga ya Usangu. Ndani ya nyumba Maganga, baba yake Kashindye, alikuwa amekakamaa kitandani, mgongo umepinda, meno yameumana hata uji haupiti. Siku kumi kabla, fahali alimchoma pembe pajani. Alipaka samadi, akafunga kitambaa na kumwambia mkewe Roza, "Mchubuko tu huu." Maganga alikufa siku hiyo kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka thelathini na sita.

Kashindye aliporudi shuleni, Julai 1974, Mwalimu Apolonia alikuwa akifundisha habari za kobe aliyefugwa nyuma ya darasa lao la tano.

"Kobe anaweza kuishi miaka mia, hata zaidi," alisema. "Sisi binadamu, anayefika sabini tunamwita mzee."

Wakati wa mapumziko Danieli, mwanafunzi mwenzake, alimsogelea Kashindye. "Unadhani miaka yote hiyo kobe anaipata wapi? Anakula ya watu. Ya baba yako kaitafuna juzi."

"Koma!"

"Atahamia kwa mama yako. Shauri yako."

Danieli alikuwa akitania, lakini Kashindye hakucheka. Jioni, wenzake walipokuwa wakimwagilia bustani ya shule, alichukua shoka la kuni akamwendea kobe. Akapiga mara moja, mara mbili. Gamba likapasuka, damu ikachuruzika. Kobe akavuta kichwa ndani, akatoa pumzi ndefu.

"Rudisha!" Kashindye alipiga kelele. "Rudisha miaka ya baba!"

Pigo la tatu liliteleza juu ya gamba, shoka likazama mguuni mwake.

Aliona haya kuita mtu. Alisukumia udongo kwenye jeraha ili kuzuia damu, akalifunga kwa kitambaa cha kichwani, akachechemea hadi nyumbani.

"Mguu una nini?" mama yake, Roza, aliuliza.

"Nimejikwaa, mayu. Mchubuko tu."

Roza aliangusha mwiko. Alimshika binti yake, akakifungua kile kitambaa kwa nguvu. "Sema kweli! Sema, Kashindye, sitakupiga!"

Kashindye akasema yote. Roza hakungoja amalize kulia. Alimbeba mgongoni, binti wa miaka kumi na miwili, akaenda naye mbio mpaka zahanati.

Yotamu, mganga wa zahanati, aliliosha jeraha kwa maji na sabuni huku Kashindye akipiga mayowe na mama yake akimkandamiza mabega. Kisha akamchoma sindano ya pepopunda.

"Kobe hakula miaka ya mtu," alisema. "Ameumbwa na mwili wa polepole, ndiyo maana anadumu. Baba yako aliuawa na uchafu ulioingia kwenye jeraha, nalo likafichwa. Wewe nawe umetia udongo, ukaficha. Ukiumia, osha kwa sabuni, sema, uje hapa siku ileile."

"Na baba yake, angekuja siku ile, bwana mganga?" Roza aliuliza.

Yotamu aliinamia beseni lake. "Huenda angepona, mama."

Jeraha lilifunga baada ya majuma matatu. Kashindye alimweleza mwalimu kosa lake mbele ya darasa, na Danieli naye akasimama kueleza lake. Kobe alipona, akabaki na ufa mgongoni.

Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wa darasa la tano wakawa wanasimama mstarini bila viatu, na Kashindye akipita kuwakagua wenzake miguu, asije mmoja akaficha jeraha.