Viwavi Kwenye Friji

Sokoni hakukuwa na pa kutia mguu, na fundi cherehani, mtu wa leso na manukato, alikuwa amejiziba pua. Mbele yake, dada mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa alikuwa anachambua mahindi. Mazuri aliyasukuma pembeni. Yaliyotobolewa, yanayonata kinyesi cha viwavi, ndiyo aliyotia kapuni.

"Hayo mabovu, dada yangu."

"Ndiyo nayataka. Wewe chukua mazima, kaka, tusigombane."

Alipocheka akaonyesha mwanya, fundi akasahau leso. Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi. Kuhusu viwavi hawakusema kitu.

Kumbe dada alikuwa mtafiti. Maabara yao ilikuwa inasoma vinasaba vyote vya kiwavi anayemaliza mahindi mashambani, tangu mwanzo hadi mwisho, wajue anavyoishinda sumu. Ili usomaji usichanganyike, alizalisha ukoo mmoja, kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi. Walipokuwa wapenzi na fundi akaelezwa hilo mezani, aliweka kijiko chini. Lakini kila mtafiti alipomuuliza kwenye simu kama kazi ile inamtia kinyaa, jibu lilikuwa, "Hata kidogo, laazizi." Muongo mkubwa.

Siku umeme ulipokatika maabara, mtafiti alimpigia akaomba kuweka vikombe vya viwavi wa ukoo ule kwenye friji ya fundi. Hamna neno, fundi akasema. Mtafiti akavileta, akarudi kazini. Baadaye fundi akafungua friji kutafuta maziwa. Kila kikombe na kiwavi wake, maana wakiwa pamoja hulana; wanene, wenye vinyweleo, wanajinyonganyonga juu ya uji wa kahawia. Mmoja alikuwa ametoka, anatambaa kwenye mdomo wa chupa ya maziwa. Akawamwaga wote chooni, akavuta maji, akatupa vikombe jalalani, akasugua friji mpaka vidole vikachubuka.

Jioni mtafiti aliporudi, fundi alidai wamekufa kwa baridi.

"Na vikombe navyo vimekufa?" mtafiti akauliza. Alimtazama kama mtu anavyotazama unywele kwenye chakula. "Kinyaa ningekivumilia. Uongo ndio unaonitapisha."

Akaondoka, na simu hakupokea tena.

Fundi alipochoka kukonda, akaenda maabara. Mtafiti, koti jeupe, macho yamevimba, alikuwa ameinamia kiwavi mmoja, wa mwisho wa ukoo ule, aliyekuwa amesahaulika kabatini. Alipaswa kumpasua na kumtoa utumbo, la sivyo vinasaba vya mahindi na vya vijidudu vya tumboni vingeingia kwenye usomaji. Kila alipoweka wembe, kiwavi alijipindua.

"Nishike nini?" fundi akauliza.

"Kichwa. Kwa vidole."

Akakishika. Kilikuwa kigumu, cha baridi, na kilipapatika. Wembe ukapita, utumbo wa kijani ukatoka mzima, na harufu ikampiga fundi usoni. Akatapika kwenye sinki la pembeni bila kukiachia kile kichwa.

"Kazi yako inanitia kinyaa," akasema, akijifuta mdomo begani. "Mikono yako pia, ikitoka huku. Sitazoea. Nakupenda na nataka kukuoa, na hilo nalo ni kweli."

Mtafiti akamtia kiwavi kwenye kichupa, akakifunga. Kisha akanyoosha mkono, glavu bado imelowa ute wa kijani.

"Basi nishike."

Fundi akafumba macho, akameza mate machungu, akaushika.