Pasi na Jiko Kwenye Waya Mmoja

Asubuhi fundi cherehani alikuwa akipiga pasi nguo za wateja. Mkewe alibandika maji ya kuoga ya mama mkwe kwenye jiko la umeme. Pasi na jiko vilichomekwa kwenye ekstensheni moja. Waya wake ulipita chini ya godoro la mama.

"Mwanangu, nasikia harufu," alisema mama.

"Ni pasi tu, mama. Wewe pumzika."

Akatoka kumpelekea mteja suruali, pasi akaiacha inawaka. Mkewe alikuwa uani akianua nguo. Aliposikia kikohozi, godoro lilishashika moto. Alimtoa mama akiwa hai, lakini moshi ulikuwa umemwingia sana. Jioni hakuiona.

Baada ya mazishi alikuja jirani yao, mwanamke fundi umeme. Alimkuta mume ameketi sakafuni, ameegemea ukuta mweusi.

"Dada, mama yangu aliukosea nini umeme?"

"Shemeji, nikikwambia utaumia."

"Nimeshaumia. Sema."

Jirani aliokota pasi, akaipangusa masizi. "Soma hapa. Wati 1,200. Jiko lenu lilikuwa wati 2,000. Jumla 3,200. Umeme wa humu ni volti 230. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya."

Mke aligawanya kwa simu. "Karibu kumi na nne."

"Ekstensheni yenu mwisho wake ilikuwa ampea kumi. Waya ukizidiwa unachemka. Na chini ya godoro, joto litokee wapi?"

"Aliniambia," mume alisema. "Mama aliniambia anasikia harufu."

Mkewe akaketi kando yake.

Jirani aliwawekea soketi mbili ukutani, kila moja na waya wake mnene. Jiko lina yake, pasi ina yake.

Siku moja mume alipita kwa mpangaji mwenzake. Akaona birika na pasi kwenye ekstensheni ya ampea kumi.

"Birika wati ngapi?"

"Elfu mbili. Pasi elfu moja."

"Jumlisha, ugawanye kwa 230."

Mpangaji alihesabu. "Kumi na tatu! Loh!" Akachomoa birika haraka.

"Na chai yangu?" mama yake alinung'unika kutoka kitandani.

"Itachelewa kidogo, mama."

Fundi cherehani alisogea. Akamwekea yule mama mto vizuri mgongoni, akatoka bila kuaga.