Chanjo ya Leodegar Kabla ya Kwenda Rombo

Duka letu lipo Kariakoo. Tunauza sare za shule kwa jumla. Mimi, Mektilda, nahudumia wateja. Mume wangu, Leodegar, anashughulika na mafundi cherehani. Ni mchapakazi, lakini ubishi wake, mh! Acha tu.

Mwaka ule Uviko, yaani korona, ulikuwa umetuchukulia majirani. Chanjo ilipoletwa, mimi nikachanjwa. Leodegar akagoma.

"Desemba naenda Rombo kumwona mama," alisema. "Mama ana kisukari. Nasikia ndani ya chanjo kuna kirusi. Nikichanjwa, si nitambebea ugonjwa? Sitaki kumuua mama yangu."

Sisi Wachagga tunajulikana. Desemba lazima turudi nyumbani. Mimi nami nilimhofia mama, tena kuliko yeye alivyomhofia. Kariakoo tunapumuliana siku nzima. Bila chanjo, Leodegar mwenyewe angeweza kuugua vibaya, na ugonjwa akaufikisha Rombo.

Jioni moja nilimwita dukani jirani yetu, Azza. Yeye ni nesi, anachanja watu kule Upanga.

"Shemeji, nasikia unakimbia sindano," Azza alimtania.

"Sikimbii, dada Azza. Niambie ukweli. Kirusi kimo au hakimo?"

"Kimo."

Leodegar akanigeukia. "Umeona!"

"Subiri basi, shemeji, sijamaliza! Kwenye hii chanjo ya sindano moja kuna kirusi cha mafua, si cha Uviko. Wataalamu wamekiondolea uwezo wa kuzaliana. Kazi yake ni kubeba tu. Kinaingiza mwilini maelekezo ya kutengeneza miiba, ile iliyo juu ya kirusi cha Uviko."

Leodegar alikunja uso. Azza akachukua shati moja la sare mezani.

"Shemeji, ukimtuma mtu wa guta, ile baiskeli ya mizigo, ampelekee fundi patani ya kola, ile karatasi ya kukatia kitambaa, fundi atashona nini?"

"Kola."

"Si shati zima?"

"Shati zima kwa patani ipi? Kola tu."

"Basi ndiyo hivyo. Mwili unatengeneza miiba tu. Miiba peke yake si Uviko. Na hilo guta, likishafikisha patani, litazaa maguta mengine?"

Leodegar akacheka mpaka akakohoa. "Guta lizae wapi, dada!"

"Basi kirusi hicho nacho hakizaliani. Kwa chanjo hii huwezi kumwambukiza mama. Mwili ukiiona miiba, unajua ni migeni. Unaandaa askari. Siku Uviko wenyewe ukija, askari wanaujua tayari."

"Kwa hiyo sitaugua kabisa?"

"Sikudanganyi. Unaweza kuugua, ila hatari ya kuzidiwa inapungua sana. Kwa hiyo ukikohoa, usiende kwa mama mpaka upone. Baada ya sindano unaweza kupata homa siku moja au mbili. Ukiona jambo usilolielewa, rudi hospitali."

Kesho yake alichanjwa. Usiku akapata homa. Alilalamika utadhani amevunjika mguu! Asubuhi akaamka, akadai chapati.

Desemba sokoni watu wakaanza kukohoa. Leodegar naye akakohoa. Alipopimwa, kweli ulikuwa Uviko. Lakini alilala siku chache tu, akainuka. Nilimshukuru Mungu huku nalia.

Krismasi ilitupita Dar. Leodegar alinuna, lakini alisubiri mpaka akapona kabisa. Tulifika Rombo Januari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hata hakukaa. Alianza kumweleza mama habari za guta na kola, na kwamba asiogope chanjo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mimi nilichanjwa tangu Agosti. Niliwaogopa ninyi watu wa Kariakoo!"

Leodegar naye alicheka. Kisha akamkumbatia mama yake, machozi yakamtoka.

Mama akaniomba simu. "Nipigie huyo nesi."

Azza alipopokea, mama alisema, "Mwanangu, asante. Umenirudishia Leodegar akiwa mzima. Mkungu wako wa ndizi unakuja na basi la kesho."