Muriuki Aliponyamaza

Peris Kerubo alitoka kazini hoi. Usiku kucha alikuwa akiwageuza wagonjwa vitandani katika nyumba ya wazee kule Saint Louis Park, na asubuhi hiyo, sare ya buluu bado mwilini chini ya koti zito, alisimama kwenye foleni ya chai katika soko la ndani pale mtaani Phillips. Watu walijaa kama siafu, watoto wakiburuta buti zenye theluji. Katikati ya zogo hilo bendi ndogo ya wazee wa Kizungu ilipiga muziki wa dansi wa zamani. Mbele yao alisimama Mwafrika mrefu, suti nyeusi, tai ya kipepeo, akiimba Kiingereza polepole kama anayembembeleza mtoto.

Bendi ilipopumzika, mwimbaji akaja kusimama nyuma ya Peris.

"Dada, wewe ni wa nyumbani," alisema kwa Kiswahili. "Nimekuona ukipiga miayo tangu wimbo wa kwanza."

"Si wewe. Ni shifti."

"Basi nikununulie chai, ndiyo niamini si mimi."

Peris akacheka, ingawa hakuwa na nguvu za kucheka.

Aliitwa Muriuki. Siku za kazi aliendesha lori la mizigo, Jumapili aliimba. Kwa kuwa yeye alifanya kazi mchana na Peris usiku, penzi lao liliishi kwenye simu.

"Umefika, malkia?"

"Nimefika. Miguu imevimba."

"Iweke juu ya mto, nikuimbie."

"Imba za nyumbani basi. Huyo Mwingereza wako ananichosha."

Mwingereza huyo alikuwa Wilfred Garland, na Muriuki hakuchoka kumsimulia. Mtoto wa mwashi, aliyeimba katika hoteli za London miaka ya kati ya vita vile viwili vikuu, matajiri wakicheza mbele yake kila usiku. Sauti yake ilijaa kwenye santuri, lakini juu ya santuri liliandikwa jina la kiongozi wa bendi peke yake. Vita vikaja, bendi zikavunjika, koo likamharibika. Alikufa akiuza viatu, na majirani hawakujua kama aliwahi kuimba.

"Unampendea nini mtu mwenye mwisho mbaya hivyo?" Peris aliuliza.

"Aliimba vizuri hata bila kutajwa. Hata mimi, pale jukwaani, nani anajua jina langu?"

"Mimi nalijua."

Mwezi wa Februari simu zikakatika. Zikabaki jumbe fupi: nimebanwa, tutaongea. Peris alipopiga, hakupokea. Kisha Serah, mwenzake wa kazini, akamwambia amemwona Muriuki kule Brooklyn Center ndani ya gari la mwanamke. Peris hakulia. Kulia nako kunataka nguvu. Alifanya shifti zake, na siku yake ya mapumziko akapanda basi kwenda nyumbani kwa Muriuki kuyamaliza.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke aliyesuka nywele, aproni kiunoni.

"Wewe ni Peris? Mimi Wairimu, binamu yake. Ingia tafadhali. Nimechoka kumsemea."

Muriuki alikuwa kwenye kochi, ndevu zimemwota, macho yamezama. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Ana uvimbe kooni," Wairimu alisema. "Daktari amemkataza kusema, hata kunong'ona. Mimi ndiye humpeleka hospitali. Wiki ijayo wanampasua."

Muriuki aliandika kwenye simu yake, akamwonyesha: *Ulinipenda kwa sauti. Ikiisha, nitakupa nini?*

Peris aliketi. Hasira na huruma vilimpanda pamoja.

"Mimi ni muuguzi, Muriuki. Usiku kucha nauguza watu nisiowajua, halafu wewe unanificha? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuwa nangoja nyimbo. Nilikuwa nangoja mtu wa kuniuliza kama nimefika."

Muriuki akalia bila sauti. Peris akamshika mkono, na hawakuachana hadi basi la jioni.

Alipasuliwa salama, lakini sauti iliyorudi haikuwa ile. Ilikwaruza kama jembe kwenye kokoto. Bendi ikatafuta mwimbaji mwingine.

Jumapili moja ya Mei, alasiri, bendi ilipiga katika ukumbi mmoja wa Saint Paul, na Muriuki akataka waende. Peris alivaa gauni la kijani na viatu visivyo na kisigino, akihofia kwamba siku hiyo itammaliza mpenzi wake. Mwimbaji mpya alipoanza, Muriuki aliuma meno. Alisikiliza ubeti mzima. Kisha akashusha pumzi, akanyoosha mkono.

"Miaka yote na bendi hii sijawahi kucheza hata wimbo mmoja," alisema. "Mwimbaji hachezi."

"Miguu inaniuma."

"Kanyaga yangu."

Wakaenda polepole, kama wazee waliowazunguka.

"Peris, nataka kukuoa. Nilipanga kuliimba hilo, mbele ya watu."

"Sema tu. Nasikia."

Akalisema tena, kwa ile sauti ya kukwaruza. Peris akamjibu begani, neno moja, na muziki ulipokwisha na watu kwenda kuchukua sharubati, wao walikuwa bado wamesimama pale pale, wameegemeana.